Nusu Pointi ya Harlan Postma

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, asubuhi moja ya Machi yenye theluji nzito, Lois Boersma alitumbukiza gari lake mtaroni. Mtu aliyesimama kumvuta, Lois alimlipa nusu pointi ya kuchelewa kazini.

Mtu huyo aliitwa Harlan Postma. Alikuwa na lori dogo bovubovu, mnyororo, na tabia ya kutompita mtu aliyekwama, tabia ambayo kule magharibi ya Michigan husifiwa sana kanisani na kusahaulika sana barabarani. Alishuka, akalala chali kwenye theluji, akafunga mnyororo chini ya gari, akamtoa Lois bila hata kumtania. Kisha wakaongozana kwenda kazini, kwa maana walikuwa wa kiwanda kimoja, kile kinachotengeneza vipande vya plastiki vya milango ya magari. Walifika saa moja na dakika kumi na nne. Lois alikuwa afisa utumishi, mtu wa mshahara wa mwezi, kwa hiyo hakugongesha kadi popote. Harlan alikuwa mtu wa mashine namba sita, zamu yake ilianza saa moja kamili, na mashine ya mahudhurio haijui habari za mitaro.

Mchana wa siku ile Lois alimfuata kwenye chumba cha chakula.

"Harlan, hata sijui nianzie wapi. Umechelewa kwa ajili yangu, na bado lazima niiandike."

"Iandike tu. Lakini mwakani ukitumbukia tena, mimi napita nakupungia mkono."

"Nitakuletea keki ya lozi."

"Ya lozi? Basi chimba mtaro kabisa, Lois, nije kila siku."

Wakacheka, na Lois akaiandika. Tangu hapo kila alipopika keki ile ndefu ya lozi, ambayo mama yake na bibi yake waliipika hivyohivyo, kipande kimoja kilikuwa cha Harlan. Alidhani hapo wamemalizana.

Hizo pointi alizitunga Lois mwenyewe, na kabla hujamtukana, sikia. Zamani pale kiwandani mambo yote yalikuwa mikononi mwa msimamizi wa zamu. Ukicheza naye karata Jumamosi, ukichelewa anakuangalia tu na kucheka. Asipopenda sura yako, dakika tano zinakufukuzisha kazi. Lois alipoajiriwa aliona jambo hilo likamkera, akakaa wiki mbili akaandika kanuni. Kuchelewa au kuondoka kabla ya wakati, nusu. Kukosa siku nzima, moja. Kukosa bila kupiga simu, mbili. Kila pointi inakufa ikitimiza mwaka. Ukifika nane umekwenda, uwe mpwa wa tajiri au uwe nani. Watu walimshukuru, na wa kwanza kumshukuru alikuwa Harlan, maana yeye hakuwa mcheza karata.

Kanuni zile ziliingia katika kitabu, na kitabu kikawa na ukurasa wa mwisho wa kutia saini: Nimesoma na nimeelewa. Kila Januari watu walipanga foleni mbele ya meza ya Lois, wakapewa kitabu, wakafungua ukurasa wa mwisho, wakasaini. Hakuna aliyesoma, na Lois alijua. "Na tarehe, tafadhali," aliwaambia wote, mmoja baada ya mwingine. "Saini bila tarehe ni mchoro." Kurasa zile alizifungia kwenye kabati la chuma, kwa mpangilio wa alfabeti, na mkaguzi wa jimbo alipopita aliziona akamsifia.

Mara moja tu ndipo alipoivunja kanuni yake. Mama mmoja wa idara ya ufungaji, mwenye mtoto mgonjwa, alifika nane, na Lois akamfutia moja kimyakimya. Mwezi uliofuata mwanamume mwingine akafika nane, hakufutiwa, akaenda kwa wakili. Kesi ilichukua miaka miwili na kiwanda kikashindwa. Wakili wa kiwanda, akiwa anafunga mkoba wake, alimwambia Lois maneno ambayo hakuyasahau tena: huruma ukimpa mmoja, umewanyima wengine wote mbele ya hakimu. Lois alitoka mahakamani akiwa amejifunza. Wahenga walishasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na yeye meno ya msumeno ule yalikuwa yamempata kwenye huruma. Hakufuta pointi nyingine.

Sasa, majira haya ya baridi Harlan alikuwa na pointi saba na nusu. Hakuwa mlevi wala mvivu. Mkewe Jolene alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaomla mtu miguu kwanza, na kila baada ya wiki kadhaa Harlan alimpeleka hospitali ya mbali kuchomwa dawa. Mara nyingine theluji, mara nyingine foleni, mara nyingine daktari kachelewa. Nusu hapa, moja pale, na haba na haba hujaza kibaba. Dawa ile ililipwa na bima, na bima ilitokana na kazi ya Harlan. Pointi nane, kazi hakuna. Kazi hakuna, bima hakuna. Na bila dawa ile Jolene, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, angerudi kitandani na asiinuke.

Ipo sheria ya taifa zima inayomlinda mtu anayeuguza, lakini huanzia kwa mwajiri mwenye watu hamsini. Kiwanda kilikuwa na watu arobaini na watatu. Russ Terpsma, mwenye kiwanda, alikijua kikomo kile kuliko alivyokijua kimo cha watoto wake.

"Ukifika hamsini, sheria zinakuota mgongoni," alipenda kusema. "Mimi arobaini na watatu wananitosha."

Ila mwishoni mwa Februari jimbo lilianzisha sheria yake yenyewe, na hiyo haikujali hamsini. Kila masaa thelathini ya kazi humpa mfanyakazi saa moja ya ugonjwa, yenye malipo, yake au ya anayemuuguza. Na mwajiri haruhusiwi kumhesabia kosa kwa kuitumia saa hiyo. Lois aliisoma yote, na maelezo yake, na tangazo ambalo jimbo lilitaka wafanyakazi wapewe ndani ya siku thelathini. Akalichapa, akaenda nalo kwa Russ.

"Weka kwanza," Russ akasema, bila kuliangalia. "Wakili anaandika kitabu kipya. Tutayatoa yote pamoja."

"Haki yenyewe imeshaanza, Russ. Siku thelathini ni za tangazo tu."

"Hao wabunge wa jimbo kule Lansing wameibadilisha sheria usiku wa mwisho kabisa, umeona mwenyewe. Nani kakwambia hawataibadilisha tena? Leo nawapa watu, kesho nawanyang'anya, halafu mbaya nani? Mimi."

"Na mtu akiumwa kabla ya hapo?"

"Akiumwa kuna kanuni. Si ulizitunga wewe?"

Lois alikuwa na haki ya kubisha. Angeweza kusema, kanuni zangu zimekufa tangu Ijumaa ile sheria ilipoanza. Hakusema. Alirudi ofisini, akaliweka tangazo kwenye mtoto wa meza, chini ya boksi la karatasi za kufutia machozi ambalo kila afisa utumishi huwa nalo, akajiambia bado wako ndani ya siku. Na kweli walikuwa ndani ya siku. Mimi watu wa namna hii huniudhi kuliko wezi, kwa sababu mwizi anajua anachofanya.

Wiki ya tatu ikafika. Jumatano, saa tano asubuhi, Harlan akasimama mlangoni kwa Lois. Uso ulikuwa wa majivu na jasho limemtoka juu ya mdomo, ilhali nje kulikuwa na barafu.

"Vipi wewe? Mbona hivyo?"

"Bega. Limeanza alfajiri, linashuka huku." Akaonyesha mpaka kwenye kiwiko. "Jana nilisukuma theluji uani kwa sepetu, nadhani nimejitia ujana."

"Hebu kaa."

"Nikikaa siinuki. Lois, nikienda nyumbani sasa hivi, ni nini?"

Lois hakuhitaji kuangalia kompyuta. "Nusu."

"Na nusu ni nane."

"Ni nane, Harlan."

"Ile ya mtaroni inakufa lini?"

"Ijumaa."

Harlan akacheka kidogo, akaukamata mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia. "Mtaro wako huo! Mwaka mzima na bado unanivuta."

Mkono wa Lois ulikuwa umeshashika kitasa cha mtoto wa meza. Hesabu aliipiga bila kutaka, kwa sababu akili yake ilikuwa ya hesabu za namna hiyo. Tangu sheria ianze, pamoja na Jumamosi mbili za kazi ya ziada, Harlan alikuwa amefanya kazi masaa mia moja na ishirini na kidogo. Hayo ni masaa manne ya ugonjwa. Toka saa hiyo hadi zamu kwisha saa tisa, ni masaa manne. Yalitosha, hayakupungua wala kuzidi. Alichotakiwa kusema ni neno moja: nenda.

Akafumbua mdomo. Akamkumbuka Russ, akamkumbuka wakili na mkoba wake. Nikimwambia Harlan peke yake, akawaza, nimemwambia mmoja na kuwaficha arobaini na wawili. Kesho mwingine atauliza mbona Harlan alijua. Ni kwa sababu ya keki? Ni kwa sababu wanasali pamoja? Mwanamke huyu alikuwa amefundishwa kuuogopa upendeleo mpaka akauona hata pale penye haki ya mtu. Akakiachia kitasa.

"Vumilia hadi Ijumaa, Harlan. Siku mbili tu. Ijumaa ukitaka kuondoka saa tatu, ondoka, mimi mwenyewe nitakufungulia geti."

"Siku mbili," Harlan akasema. "Haya. Una aspirini?"

Aspirini zilikuwa kwenye mkoba wake, mguuni pake.

"Haturuhusiwi kumpa mtu dawa. Unajua, ikitokea ikakudhuru..."

"Ukurasa wa ngapi huo?"

"Wa thelathini na moja."

"Nimeusaini huo," Harlan akasema, na hapo wote wawili wakatabasamu. "Basi nipe hata keki."

Akampa kipande cha keki ya lozi kwenye karatasi. Harlan akakitia kwenye mfuko wa shati, akaenda zake akiegemea ukuta kidogo, na Lois akarudi kwenye barua aliyokuwa anaiandika.

Saa saba na dakika hamsini Darla Wiersma alikuja mbio kutoka kiwandani. Darla alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kushinda mashine, na sasa sauti haikutoka. Lois akaelewa kwa kumwona tu. Walimkuta Harlan kando ya mashine namba sita, mlango wake wa usalama uko wazi na kalibu ya kumiminia plastiki imesimama katikati, kipande cha plastiki kikining'inia bado cha moto. Darla akapiga magoti akamsukuma kifua, moja, mbili, tatu, akihesabu kwa sauti huku analia. Mfukoni mwa shati keki ilikuwa haijaguswa. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, wakambeba, na akakata roho njiani kabla hawajafika hospitali.

Watu waliposimama pale wasijue la kufanya, Darla alifanya alilozoea. Kadi ya Harlan ilikuwa imeanguka sakafuni. Kitabu kinasema hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki kwenye saa za kazi akiwa nje ya jengo. Darla akaiokota, akaenda kwenye mashine ya mahudhurio, akaigongesha. Saa nane na dakika sita. Kanuni ile pia aliiandika Lois.

Kesho yake asubuhi Russ akaingia ofisini kwa Lois kabla hajavua koti. Macho yalikuwa mekundu. Yeye na Harlan walisoma shule moja ya Jumapili, walivua samaki pamoja kwenye barafu, na simsingizii mtu machozi ambayo ni ya kweli.

"Lile tangazo. Libandike leo."

"Leo?"

"Leo hii. Nimeongea na wakili. Tuna siku kumi bado, tuko ndani ya muda, hatujakosa kitu. Moyo ni moyo, Lois. Ungemshika hata akiwa amelala kitandani kwake."

"Aliniuliza, Russ."

"Alikuuliza nini?"

"Akienda nyumbani itakuwaje. Saa tano. Alikuwa na masaa manne. Nikamwambia avumilie."

Russ akaufunga mlango. Akaangalia viatu vyake vyenye theluji inayoyeyuka juu ya zulia.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Usimwambie. Si kwa ajili yangu. Kuna watu arobaini na wawili wanakula hapa. Kesi moja ya namna hiyo, nafunga geti, na wote wanakwenda nyumbani. Hicho ndicho Harlan angetaka?"

Hakungoja jibu. Lois akachukua tangazo, akaenda kulibandika kwenye chumba cha chakula, juu ya kile kimashine cha kupashia chakula moto, ambako kila mtu lazima asimame dakika mbili. Wa kwanza kusimama alikuwa Darla. Bakuli lake lilizunguka, likalia, na hakulitoa. Alikuwa anasoma.

"Hii imeanza lini?"

"Februari, mwishoni."

Darla akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, wiki baada ya wiki, akafika mahali akaacha. "Kwa hiyo jana alikuwa nayo."

Lois akabonyeza kona ya karatasi iliyokuwa imeshikamana vizuri tu.

"Mimi nilimgongeshea kadi, Lois," Darla akasema. "Kwa mkono huu. Na wewe?"

Akaliacha bakuli mle ndani, akarudi kwenye mashine.

Ijumaa ikafika kama ilivyoahidiwa. Lois alipofungua kompyuta asubuhi, mstari mmoja ulitokea wenyewe: Postma, Harlan, nusu pointi imetimiza mwaka, imefutwa. Nusu ya mtaroni. Lois akauangalia mstari ule mpaka skrini ikajizima. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu alikuja akakaa naye meza moja. Kama alidhani adhabu yake itaishia hapo, alijidanganya, kwa sababu kompyuta ile ilikuwa imefanya kazi nyingine Jumatano jioni, kazi ambayo Lois aliiagiza mwenyewe miaka mingi iliyopita na akaisahau.

Walimzika Jumanne. Ardhi ilikuwa ngumu hata mashine ya kuchimbia kaburi ililalamika. Baada ya mazishi watu walishuka ukumbi wa chini wa kanisa, kwenye meza ndefu zenye karatasi nyeupe, kula mikate midogo yenye nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, na ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na hakuna msiba unaofanyika bila hiyo. Kahawa ilikuwa nyepesi. Watu waliongea kwa sauti ya chini kuhusu barabara na bei ya mbolea. Lois alikuwa kwenye kundi la akina mama wa kugawa chakula, amevaa aproni, anafurahi kuwa na kitu cha kushika mikononi.

Kilio huanza mfiwa, lakini Jolene Postma hakuwa analia. Aliketi kwenye kiti karibu na birika kubwa la kahawa, mkongojo umelala mapajani, na alipomwona Lois akamwita kwa kidole.

"Lois. Njoo ukae kidogo."

Lois akaketi. Jolene akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kiwanda.

"Imekuja jana kwa posta. Nilipoiona nikadhani ni rambirambi. Nikamwambia dada yangu, angalia, hawa watu wa kazini kwa Harlan ni waungwana kweli. Soma."

Lois hakuhitaji kusoma, maneno yalikuwa yake. Bwana Postma, tarehe kumi na mbili Machi uliondoka kabla ya zamu yako kwisha. Kwa kosa hili pointi zako zimefika nane. Kwa mujibu wa kanuni ulizosoma na kuzielewa, ajira yako imekoma. Bima yako ya afya itakoma siku ya mwisho ya mwezi huu. Tunakutakia mafanikio. Na chini yake saini ya Lois, ile iliyopigwa picha zamani. Barua zile zilikuwa zikimliza alipoziandika mwenyewe, basi aliwaomba watu wa mishahara huko mjini wazitume moja kwa moja, kompyuta ikishahesabu. Akawapa saini yake, na hakulia tena.

"Jolene, hiyo ni mashine. Inatuma yenyewe. Sikujua, naapa, mimi..."

"Mashine inaitwa Lois Boersma?"

Lois akaiweka barua mezani.

"Sijaja kugombana nawe hapa, Harlan hajapoa," Jolene akasema. "Nataka kujua jambo moja tu. Jumatano alinipigia simu kabla ya chakula. Sauti haikuwa yake. Nikamwambia rudi nyumbani. Akaniambia, nimemuuliza Lois, kasema nivumilie hadi Ijumaa. Nikamwambia basi, kama Lois kasema. Maana wewe unajua mambo hayo." Akainama akamwangalia usoni. "Sasa niambie. Angerudi nyumbani saa ile, ingekuwaje?"

Meza tatu mbele yao Russ alikuwa amesimama na sahani yake, na alikuwa ameacha kutafuna. Lois alijua jibu lililokuwa salama. Nusu pointi. Lilikuwa jibu la kitabu, na kitabu bado kilikuwa hakijabadilishwa. Wakili angelipenda. Watu arobaini na wawili wangeendelea kula. Alimtazama Jolene, akaitazama mikono yake iliyoanza kukunjamana kwa ugonjwa, akaona kwamba amechoka kuwa ndani ya muda.

"Isingekuwa kitu," akasema.

"Sema tena."

"Isingekuwa kitu, Jolene. Sheria mpya ya jimbo ilikuwa imeanza. Harlan alikuwa na masaa manne yake ya ugonjwa, yenye malipo, na hakuna mtu angeweza kumpa pointi kwa kuyatumia. Tangazo lilikuwa kwenye meza yangu. Alisimama mbele yangu, mkono wangu uko kwenye kitasa, na sikumwambia."

Jolene hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifumba macho, akavuta pumzi mara mbili, kisha akaigeuza ile barua upande usio na maandishi, akaisukuma mbele ya Lois pamoja na kalamu ya kusainia kitabu cha wageni.

"Andika hayo."

"Jolene, nikiandika hapa..."

"Harlan alisaini karatasi zako miaka ishirini na mmoja. Kila Januari anarudi nyumbani ananiambia, leo nimesaini tena kwamba nimeelewa, na sijaelewa hata neno. Anacheka. Sikuombi kingine, Lois. Nakuomba moja."

Lois akaichukua kalamu. Akaandika saa aliyokuja Harlan, na rangi ya uso wake, na bega. Akaandika swali aliloulizwa na jibu alilotoa. Akaandika masaa manne, na mtoto wa meza, na nani alisema tangazo likae humo, na kwamba yeye alijua ni makosa akakubali. Aliandika na aspirini. Karibu na mwisho kivuli kikaangukia karatasi. Ni Russ, bado ana sahani.

"Lois," akasema kwa upole, "unaandika nini hapo?"

Lois hakuinua kichwa. Alitia saini, jina zima, kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya aproni na hakukuwa na boksi la karatasi pale. Akaisogeza barua kwa Jolene.

Jolene akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Watu wa meza za karibu walikuwa wameacha kula. Alipofika chini, akairudisha.

"Na tarehe, tafadhali," akasema. "Harlan alikuwa anakuiga kila mara. Saini bila tarehe ni mchoro."

Lois akaandika tarehe.